Sura ya Sita: Redio ya Mbali na Anga Lisilotulia

Katika maswali yote niliyoulizwa maishani mintarafu ya hewa na mbingu, hakuna lililorudiwa mara nyingi zaidi, wala lililotoka vinywani mwa watu wa namna mbalimbali zaidi, kuliko hili: kwa nini idhaa ya nchi ya mbali, ambayo mchana kutwa haisikiki ila kama mchele unaomwagwa juu ya bati, hufika usiku ikiwa safi, hata mtangazaji akawa kama mtu aliyeketi chumba cha pili?

Mara ya kwanza niliulizwa Nyamisati, katika miaka ya 1970, barazani kwa mwenye duka mmoja, mahali ambapo abiria wa Mafia walikuwa wakingoja maji yajae ili chombo kipate kutoka. Mezani palikuwa na redio ya National iliyovishwa koti la ngozi. Antena yake ilikuwa imeongezwa waya wa shaba uliofungwa kwenye boriti ya mkoko nyuma ya nyumba, na mawe yake yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi ili yatoe nguvu ya usiku mmoja zaidi. Ilipokwisha kuswaliwa isha, mwenye duka akazungusha kitufe taratibu, akapita sauti za Kiarabu, za Kihindi, na za lugha nisizozijua, na nahodha mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho, akaniuliza: "Mwalimu, watu wote hawa mchana hukaa wapi?"

Nilimjibu kwamba usiku anga hutulia. Jibu hilo nilikuwa nimelisikia mahali, likanipendeza, na halikuwa kweli. Anga halitulii usiku wala mchana, na hasa lile la kilomita hamsini hadi mia juu ya vichwa vyetu, ambako siri ya swali la nahodha imefichika. Sura hii ni jibu nililopaswa kumpa.

Tabaka nne za hewa

Lau ungepata gari liwezalo kwenda wima, ukaondoka nalo Kibiti kuelekea juu badala ya kuelekea Dar es Salaam, ungelikwisha pita tabaka tatu nzima za hewa na kuingia katika ya nne kabla ya kutimiza mwendo ambao barabarani ungekufikisha Mbagala. Tabaka hizo ni hizi:

- Tabaka la chini, ambalo katika nchi za joto kama yetu hufika kilomita 16 au 17. Humo mna mawingu, mvua, radi, kusi na kaskazi, na kadiri upandavyo ndivyo baridi izidivyo.
- Tabaka la pili, hadi kilomita 50 hivi. Humo mna ozoni, nayo ni aina ya oksijeni inayomeza miali mikali ya jua. Kwa sababu hiyo joto huanza tena kuongezeka.
- Tabaka la kati, ambalo wataalamu huliita mesosfia, kutoka kilomita 50 hadi 85 au 90. Baridi hurudi kwa nguvu, hata kileleni mwake ikafika nyuzi 80, 90, pengine 100 chini ya sifuri.
- Tabaka la juu, au temosfia, ambamo joto hupanda hadi mamia ya nyuzi, na ambamo satelaiti za chini hupita.

Tabaka la kati ndilo tunalolifuata. Mwanzoni mwake kani ya hewa ni kama sehemu moja katika elfu ya ile tunayoihisi ardhini, na kwenye kilomita 80 ni sehemu moja katika laki moja. Walakini uchache huo usikudanganye ukadhani kwamba ni utupu. Mvuvi anayerudi kwenye mlango wa Rufiji usiku wa giza, na akaona kimondo kikichora mstari wa moto juu ya mikoko, ameona kwa macho yake ushahidi kwamba kuna hewa huko: kile kijiwe, ambacho aghalabu si kikubwa kuliko chembe ya mchanga, kilikuwa kikija kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa kila sekunde, na hewa hiyo iliyo nyembamba ikatosha kukiunguza chote kati ya kilomita 110 na 80. Kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita tatu hivi, ni kimoja kati ya vichache vilivyopita mlango huo vikafika chini.

Utaji unaoondoka magharibi

Mchana, miali ya jua isiyoonekana kwa jicho huzipiga chembe za hewa ya juu, ikazing'oa elektroni, yaani vipande vidogo mno vyenye umeme. Sehemu ya elektroni hizo hutanda kati ya kilomita 60 na 90, ndani ya tabaka la kati, na utando huo wataalamu huuita tabaka D. Nyingine, nyingi zaidi, huwa juu yake, kuanzia kilomita 100 hadi 300 na kuendelea.

Sasa fikiri wimbi la redio linapopanda kutoka mnarani. Likiifikia elektroni huitikisa; na elektroni inayotikiswa, ikiwa haikuzuiliwa, hulirudisha wimbi lile kama ngozi ya ngoma irudishavyo pigo. Lakini kwenye tabaka D hewa bado ni nzito kiasi cha kuizuia: elektroni hugongana na chembe za jirani kabla haijawahi kurudisha ilichopewa, na nguvu ya sauti ikapotea ikawa joto dogo lisilo na faida kwa mtu. Ni sawasawa na kupiga ngoma iliyofunikwa blanketi. Jua likizama, elektroni za tabaka D, ambazo zimesongwa na chembe nyingi, hurejea upesi katika chembe hizo, na utando wote hutoweka kwa muda mfupi. Ilhali za juu, ambako chembe ni chache na zimeachana sana, hubaki huru usiku kucha. Hapo sauti ya mawimbi ya kati, ambayo mchana ilikuwa ikimezwa njiani, hupita hadi juu, ikagonga kile kioo kilichobaki, ikarudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka ilikotoka.

Kwa ufupi: mchana kuna utaji unaomeza sauti, usiku utaji huondoka, kioo kikabaki. Watu wale wa redio mchana walikuwa wakisema vilevile, ila maneno yao yalikuwa yakiishia kilomita themanini juu.

Mahali pasipofikika

Mtu angedhani kwamba, baada ya wanadamu kukanyaga mwezi, pahali palipo karibu kuliko Mbagala pangekuwa pamejulikana pembe zote. Sivyo. Puto la hali ya hewa, kama yale yanayorushwa Dar es Salaam na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hupanda kilomita 30 au zaidi kidogo, kisha hupasuka. Na satelaiti haiwezi kushuka hadi hapo, maana hewa ileile iunguzayo vimondo ingeiangusha. Kati ya dari ya puto na sakafu ya satelaiti hupita roketi peke yake, nayo hukaa dakika chache tu. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wameliita eneo hilo anga lisilojaliwa. Siku hizi hutazamwa kwa mbali: kwa rada zinazofuata michirizi ya vimondo jinsi inavyopeperushwa na upepo, na kwa satelaiti zinazotazama kwa ubavu ule mng'ao hafifu ambao hewa ya kilomita 90 hivi huutoa usiku kucha.

Kujaa na kupwa kwa hewa

Hapa watu wa Delta ya Rufiji wana fadhila juu ya wasomaji wengine, kwani jambo ambalo mtu wa bara hulisoma kwa taabu wao wamezaliwa nalo. Mkaazi wa Salale au Mbwera hahitaji kufundishwa kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kwamba chombo kisichochunga saa hulala matopeni. Hewa nayo hujaa na kupwa. Ukiweka baromita, chombo cha kupimia uzito wa hewa, popote katika pwani yetu, ukaiandika kila saa kwa siku kadhaa zisizo na tufani, utaona inapanda hadi karibu saa nne asubuhi, inashuka hadi saa kumi jioni, inapanda tena hadi saa nne usiku, kisha inashuka hadi saa kumi alfajiri. Mabadiliko yenyewe ni milibari mbili au tatu katika elfu moja na kumi hivi, madogo kwa mtu, lakini hayakosi siku.

Jambo lililowatia wataalamu mashaka kwa miaka mingi ni kwamba saa hizo hazimfuati mwezi, kama zimfuatavyo za bahari, bali zalifuata jua. Lord Kelvin wa Uingereza alilizungumza fumbo hilo mwaka 1882, na ufumbuzi wa kuridhisha haukupatikana hadi miaka ya 1960, ilipobainika kwamba kinachovuta hewa si mvuto, ni joto. Jua huipasha ozoni katika tabaka la pili na mvuke wa maji katika tabaka la chini. Mchana hewa hutanuka, usiku husinyaa, na pumzi hiyo kubwa huizunguka dunia pamoja na jua. Mwezi nao huvuta hewa, lakini sehemu yake ni ndogo mno.

Wimbi dogo linapopanda

Kujaa na kupwa huko ni wimbi, na wimbi la hewa lina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha sura hii: kadiri lipandavyo ndivyo likuavyo. Kisa chake ni chepesi. Wimbi hubeba nguvu ileile, ila hewa ya kuibeba inazidi kupungua, basi chembe chache zilizobaki sharti ziende mbio zaidi. Kipimo ni hiki: hewa ikipungua uzito mara mia, mtikisiko hukua mara kumi. Upepo wa wimbi ambao huku chini ni wa sentimita kumi kwa sekunde, usioweza hata kugeuza jani la mnazi, ungefika kilomita 80 umekuwa zaidi ya mita ishirini kwa sekunde, ikiwa haukuvunjika njiani.

Pamoja na wimbi kubwa la jua yapo mengine madogo yasiyohesabika. Wingu la radi linapochipuka juu ya Selous alasiri ya masika, huisukuma hewa iliyo juu yake. Hewa iliyosukumwa, ikiwa nzito kuliko jirani zake, huvutwa chini na uzito wake, hupitiliza, hurudi juu, na mawimbi hutawanyika kwa duara kama maji ya kidimbwi kilichotupiwa jiwe. Milima hufanya hivyo upepo upitapo juu yake; na tufani za baharini hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Hata mlipuko wa volkano ya Hunga Tonga, tarehe 15 Januari 2022, uliorusha majivu na mvuke hadi kilomita 57, ndani kabisa ya tabaka la kati, ulituma mawimbi yaliyoizunguka dunia yote na kuonekana katika baromita za kila bara.

Na mwisho wa mawimbi hayo? Ni uleule wa mawimbi ya bahari yafikapo kwenye kina kifupi: hukua, husimama wima, kisha huvunjika. Pale yavunjikapo, aghalabu kileleni mwa tabaka la kati, huuachia upepo wa huko nguvu yaliyobeba, yakauzuia au yakausukuma. Msukumo huo ndio uhamishao hewa ya juu kutoka ncha ya dunia iliyo katika kiangazi kuipeleka ncha iliyo katika baridi. Na hewa ya ncha ya kiangazi, ikilazimika kupanda ili kujaza nafasi, hutanuka na kupoa hata ikawa ya baridi kuliko hewa yoyote nyingine ya asili duniani, nyuzi 130 chini ya sifuri na zaidi, wakati huohuo jua halizami huko mchana wala usiku. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado hunishangaza: kwamba baridi kuu ya dunia yaletwa na mawimbi yaliyoanzia kwenye mvua na milima huku chini.

Mjerumani wa Ziwa Viktoria

Nchi zetu zimo katika elimu hii tangu mapema kuliko watu wadhanivyo. Mwaka 1883 mlima Krakatoa ulipolipuka, vumbi lake lilikwenda mashariki hadi magharibi likaizunguka dunia juu ya Ikweta, na wataalamu wakakata shauri kwamba upepo wa juu wa Ikweta daima hutoka mashariki. Ndipo mwaka 1908, Arthur Berson, Mjerumani, akaja Afrika Mashariki na vifaa vyake, akarusha maputo juu ya Ziwa Viktoria. Maputo yale yalipima baridi ya zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri juu ya nchi ya joto, jambo lililokuwa geni. Na kwenye kilomita 20 hivi yakaonyesha upepo unaotoka magharibi.

Nani kasema kweli, volkano au maputo? Kwa nusu karne watu walichora pepo zote mbili katika ramani moja, hii juu ya ile, kwa kuwa hawakuweza kukanusha ushahidi wowote. Karibu na mwaka 1960 ikadhihirika kwamba zote zilikuwa kweli: upepo wa juu ya Ikweta hugeuka, mashariki kisha magharibi kisha mashariki tena, kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Kinachougeuza, kama ilivyofahamika baadaye, ni yale mawimbi yapandayo kutoka chini.

Juu zaidi, kwenye mpaka wa tabaka la kati na ndani yake, mzunguko ni mwingine: pepo hugeuka na kurudi zilikokuwa kila nusu mwaka. Hili lilijulikana kwa roketi zilizorushwa katika kisiwa cha Ascension, kwenye bahari ya Atlantiki, ambacho kimekaa karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, mstari uleule wa Delta ya Rufiji. Basi manahodha wetu, ambao kwa karne nyingi walipanga maisha yao kwa kusi na kaskazi, walikuwa wakipita chini ya kusi na kaskazi nyingine wasiyoiona, iliyo juu ya milingoti yao kwa kilomita hamsini.

Nguzo za Ngomeni

Kaskazini mwa Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, husimama baharini majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu. Wavuvi wa huko wameyazoea, na watalii hudhani ni ya mafuta. Yalisimamishwa na Waitaliano katika miaka ya 1960, chini ya uongozi wa profesa Luigi Broglio, na tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa la San Marco ikarushwa satelaiti ya San Marco 2, kazi yake ikiwa kupima uzito wa hewa ya juu kabisa ya Ikweta.

Mtambo wa Broglio wastahili kuelezwa. Satelaiti ilikuwa kama nazi: gamba la nje jepesi, na ndani yake kiini kizito, vikaunganishwa kwa springi. Hewa ya huko, ingawa haitoshi kuzima hata mshumaa, ililipiga gamba na kulichelewesha nyuma ya kiini kwa kadiri isiyoonekana kwa jicho; springi zikavutika, na kutokana na mvutiko huo uzito wa hewa ukajulikana. Satelaiti ya mwisho ya jamii hiyo ilirushwa hapo tarehe 25 Machi 1988. Wakenya wengi wanaikumbuka zaidi nyingine, ya Wamarekani, iliyotoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Hiyo ilitazama nyota, na kwa haki ilipata sifa. Lakini naona San Marco 2 ilistahili kukumbukwa nasi vilevile, kwa kuwa ilipima hewa iliyo juu yetu sisi.

Tena kipimo hicho cha uzito wa hewa ya juu kina kazi hadi leo. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink kwa mara moja. Dhoruba ya jua ikaipasha hewa ya juu, hewa ikavimba, na satelaiti zipatazo 40 zikapunguzwa mwendo mpaka zikaanguka na kuungua.

Mvua ya Kongo

Limebaki jambo moja, nalo nimeliweka mwisho kwa sababu launganisha yote. Wimbi la kujaa na kupwa lifikapo kilomita mia na kitu huzisukuma zile chembe zenye umeme katikati ya usumaku wa dunia, na kitu chenye umeme kikisukumwa ndani ya usumaku huzaa mkondo, kama ilivyo katika dainamo ya baiskeli. Umeme huo huziinua elektroni juu ya Ikweta ya sumaku, ambayo kwetu hupita Ethiopia, kisha hushuka pande mbili kama maji ya chemchemi na kurundikana kiasi cha nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini. Rundo la kusini haliko mbali na Rufiji, na mara nyingine jioni ndilo linaloifanya simu ikuonyeshe ramani kwamba umesimama mtoni ilhali umesimama gengeni.

Mwaka 2006 watafiti waliokuwa wakichunguza picha za satelaiti walitangaza kwamba marundo hayo hayakulingana duniani kote: yalikuwa na vilima vinne, na mpangilio wake ulitokana na wimbi linaloanzia katika mvua kubwa za nchi za joto, za Amazon, za Asia ya kusini-mashariki na za bonde la Kongo. Mvua inayonyesha Kisangani alasiri, basi, hufika na athari yake mamia ya kilomita juu, katika kioo kilekile kinachorudisha sauti za redio. Oktoba 2019 Marekani ilirusha satelaiti iitwayo ICON makusudi kuifuata habari hiyo.

Kesho ya usiku ule wa swali la nahodha, chombo chetu cha Mafia kiliondoka Nyamisati baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye majani ya mikoko. Mmoja wa abiria alikuwa na redio ndogo pajani, na idhaa ya mbali ilikuwa bado ikisoma habari. Wakati huo sikujua kwamba jua, kabla halijachomoza kwetu kwa nusu saa hivi, huwa limekwisha kuigusa hewa ya kilomita themanini. Nilisikia tu sauti ikianza kuchanganyika na mvumo, ikaja ikaenda, abiria akageuza antena huku na huku, nahodha akatazama mashariki ambako mikoko ilikuwa ingali myeusi, na idhaa ikazama.